Pasipoti mlangoni mwa baa ugenini: unaibeba au unaiacha hotelini?

MwanaMwanga (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Niko hapa Mwanga, umeme umerudi sasa hivi, nikaona niandike jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu. Wiki hii mdogo wangu amepata safari ya nje kwa mara ya kwanza, akaniuliza, "Kaka, nikitoka jioni nibebe pasipoti au niiache chumbani?" Nikashindwa kumjibu kwa neno moja.

Oktoba 2022 kazi ilinipeleka Boston, Marekani, wiki mbili za mafunzo. Siku ya mwisho wenyeji wetu wakatualika kuagana kwenye sehemu moja, mbele chakula, nyuma baa. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mlangoni ameketi baunsa na tochi ndogo, kila mtu anatoa kitambulisho. Zamu yangu ilipofika nikatoa kitambulisho cha Taifa. Akakigeuza mbele na nyuma, akakimulika, akanirudishia. "Pasipoti." Nikatoa leseni ya udereva, akatikisa kichwa. Nikamfungulia picha ya pasipoti kwenye simu, akasema hapokei picha. Nilikuwa na miaka 34, baba wa watoto watatu, na pombe situmii kabisa. Nilikuwa naingia kula na kuwaaga watu niliokaa nao wiki mbili.

Wenzangu waliingia. Mmoja, Mghana, alikataa kuniacha peke yangu. Tulinunua mikate ya kuku dukani tukala tumesimama kituo cha treni, na baridi ya kule mnaisikia tu redioni. Yule ndugu sitamsahau.

Kwa nini niliiacha hotelini? Aliyekulia Kigoma hahitaji kuuliza. Kuipata ile hati kulinichukua miezi. Nimeulizwa babu amezikwa wapi, bibi alitoka kijiji gani, nani anaweza kuthibitisha kwamba baba alisoma Kasulu. Jina letu la ukoo liko huku na liko ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, Burundi, vilevile, kwa hiyo nilirudi ofisini mara nne na wazee wawili wa kunisemea. Ada yenyewe laki na nusu. Hati iliyotoka kwa jasho hilo unaitia mfuko wa suruali unakwenda nayo baa usiku, kwenye mji usioujua? Roho ilikataa.

Naomba tusaidiane, wenye uzoefu mnafanyaje?

---

KauntaYaZiwa (Kigoma)

Pole sana kaka. Mimi nasimama upande wa pili wa huo mlango. Nina mwaka wa saba kaunta, hapa hapa mjini, sehemu inayopokea wageni wa Gombe na Mahale.

Kuna familia ya Wajerumani walikuja, baba, mama na kijana wao mrefu kumpita baba. Kijana akaagiza bia. Sura nikaiona ya kitoto, nikaomba pasipoti. Baba akashangaa, akaniambia kwao kijana wa miaka 16 anaruhusiwa bia na divai, vikali ndiyo anasubiri 18. Ni kweli kwao ni hivyo. Lakini hapa ni Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema chini ya miaka 18 ni mtoto na pombe hauziwi. Walileta pasipoti, alikuwa na miaka 17 na miezi kadhaa. Nikamletea soda. Mama yake alinishukuru wakati wa kuondoka, mpaka leo sijui kwa nini.

Ninachotaka kusema, sisi wenyewe hatuna desturi ya kudai kitambulisho. Mteja wa Kigoma ukimwambia toa kitambulisho anaona umemtukana. Ndiyo maana tukifika kwa watu tunaumia, hatujazoea kuulizwa. Yule baunsa alikuwa analinda leseni ya tajiri wake na kibarua chake.

---

MwanaMwanga

Dada, nakubali. Na nilipoelezwa sheria yao hasira ilipungua. Massachusetts, jimbo ambalo Boston imo, sheria inataja vitambulisho vinavyomlinda muuzaji: akiviamini akaja kugundulika mteja hajafikisha miaka 21, ana utetezi. Kwa miaka mingi vilikuwa leseni ya udereva ya jimbo hilo lenyewe, kadi za utambulisho za jimbo, kitambulisho cha jeshi, na pasipoti, iwe ya Marekani au ya nchi ambayo Marekani inaitambua. Leseni ya jimbo jirani haikuwamo. Maana yake hata Mmarekani mwenzao kutoka New York aliweza kukataliwa pale pale nilipokataliwa mimi, lakini kitabu cha Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kingepita. Nilikuwa na hati yenye nguvu kuliko ya jirani yao, nimeifungia kabatini.

---

ShanganaziWaKitete (Tabora)

Mwangaluka ndugu zangu. Uzi umenikuta wakati mwafaka. Binti wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi, anakwenda kusoma Marekani mwezi wa nane. Ana miaka 20. Kunywa hanywi na namjua, lakini wenzake watamwalika. Mkisema miaka 21, ni nchi nzima au kila jimbo na lake? Na huyu akienda na wenzake kula tu, anazuiwa?

---

Mha_wa_Leeds (Uingereza)

Shikamoo shangazi. Marekani ni nchi nzima, miaka 21. Zamani majimbo mengine yaliruhusu 18 au 19. Mwaka 1984 bunge lao likapitisha sheria kwamba jimbo lisilopandisha mpaka 21 linakatwa sehemu ya fedha za barabara. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamepandisha. Sababu kubwa ilikuwa ajali za vijana wanaoendesha wamelewa. Kuhusu kuingia kula, hapo inategemea sehemu. Migahawa mingi anaingia bila shida, anakula, anakunywa soda yake. Sehemu ambazo ni baa tupu au klabu za muziki usiku, nyingi mlangoni wameandika 21, hata maji hataingia kuyanywa.

Nchi nyingine zinatofautiana. Hapa Uingereza 18. Japani 20, na hata walipoteremsha umri wa utu uzima kuwa 18 mwaka 2022, pombe waliiacha 20. Kanada majimbo mengi 19, ila Quebec, Alberta na Manitoba 18. Kenya na Uganda 18 kama kwetu.

Sasa kwa mleta uzi. Mimi nilikuja huku na miaka 23, mwaka wa kwanza niliombwa kitambulisho karibu kila duka. Wana utaratibu kwamba ukionekana una chini ya miaka 25 unadaiwa kitambulisho, ingawa sheria inasema 18. Uskoti wameuweka kwenye sheria kabisa tangu 2011. Sisi ngozi yetu haionyeshi umri, mtu wa miaka 34 anaonekana wa 24. Kwa hiyo jibu langu ni beba pasipoti. Kopi hawapokei, picha ya simu hawapokei. Kwa anayekuja kukaa kwa masomo, baada ya muda aombe leseni ya kujifunzia udereva, hata kama hana mpango wa gari. Ni kadi, ina picha na tarehe ya kuzaliwa, inakubalika kila baa, na pasipoti inabaki chumbani. Hiyo ndiyo iliyoniponya.

---

Abdul_Ujiji (Kigoma)

Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Mnajadili namna ya kuingia baa, mimi nauliza mnaingia kutafuta nini? Mwenye pasipoti na asiye nayo, kutokwenda ndiyo salama.

---

MwanaMwanga

Wa alaykum salaam mzee wangu. Nimekusikia na nasema haya kwa heshima. Ugenini, hasa kwenye mafunzo na mikutano, chakula cha kuagana, mpira wa kutazama pamoja, hata sherehe ya mhitimu, mara nyingi vinafanyika sehemu inayouza pombe. Mimi sinywi, na sikuwa natafuta pombe. Lakini kukaa nje wakati wenzako wanaagana kuna maumivu yake. Anayeamua kutokwenda ana haki yake. Niliumia kwa sababu kwangu mimi mlango ndio ulioamua.

Na mzee, si baa peke yake. Hosteli, ukumbi wa muziki, hata dukani ukimnunulia mwenyeji wako divai ya zawadi, wanakudai.

---

KijanaGungu (Kigoma)

Wakuu mimi nitapingana na Mha_wa_Leeds. Nitaeleza yaliyonikuta ili mwingine asipite humo.

Tulikuwa vijana wanne kwenye mashindano, nchi jirani, sitaitaja wala baa sitaitaja. Usiku wa mwisho tukaenda mahali pana meza za kuchezea na muziki. Kaunta wakasema wageni lazima waache pasipoti moja kama dhamana ya bili, mtalipa mkiondoka. Nikatoa yangu. Saa nane usiku tunalipa, tunaambiwa aliyeipokea ameshatoka zamu na ufunguo wa droo anao yeye. Simu yake haipatikani. Basi letu lilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Wenzangu wakaondoka. Nilikaa kwenye ngazi za ile baa mpaka saa nne asubuhi. Nilipata pasipoti yangu, imelowa bia upande mmoja, kurasa zimegandana. Nauli nyingine nilitumiwa na mama, ameuza debe mbili za mawese. Mpaka leo nikiona mama anakamua mawese nakumbuka ule usiku.

Kwa hiyo mimi nasema iache.

---

KauntaYaZiwa

Pole mdogo wangu. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kuonyesha pasipoti ni sekunde kumi: anaangalia picha, anaangalia tarehe, anakurudishia mkononi. Kuweka pasipoti rehani ni jambo jingine kabisa na usikubali popote. Pasipoti si mali yako uiweke bondi, ni mali ya serikali, wewe umeaminiwa kuitunza. Wakitaka dhamana lipa bili kila unapoagiza, au acha fedha taslimu. Wakikataa, ondokeni, baa ziko nyingi.

Na hata hapa kwetu naomba wenzangu wa kaunta tuache tabia hiyo. Nimewahi kuona pasipoti ya mgeni kwenye droo pamoja na vifungulio vya chupa na risiti zilizolowa. Niliitoa nikampelekea mwenyewe mezani. Fikiria ingekuwa yako.

---

Mha_wa_Leeds

Nakazia. Na kuhusu kulowa, hizi pasipoti mpya tunazotumia tangu 2018 zina chipu ndani. Ukiiharibu kwa maji au ukaikunja kwa kuikalia, uwanja wa ndege unaweza kukwama hata kama picha inaonekana vizuri.

Ikipotea kabisa nenda polisi wa huko huko kwanza, upate ripoti ya upotevu kwa maandishi, ndipo uende ubalozi wetu. Watakupa hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Elewa kwamba hiyo ni ya kurudi tu. Viza zilizokuwa ndani ya kitabu zimekwenda nacho, na kama ulikuwa na safari ya kuendelea mbele imeishia hapo. Hapa ndipo ile picha ya simu na kopi vinafaa: mlangoni mwa baa havina kazi, lakini ubalozini vinaharakisha kila kitu kwa sababu namba ya pasipoti wanaiona.

---

MamaWaKibirizi (Kigoma)

Mimi ni mfanyabiashara, navuka ziwa mara kwa mara, Kalemie na Uvira za Kongo nazijua kama Kibirizi. Wanangu, mnasumbuka na mifuko. Mama zetu hela ya dagaa walifunga kwenye kibindo, chini ya kanga, na hakuna mwizi aliyeifikia. Mimi pasipoti naitia kwanza kwenye nailoni ngumu inayofungwa juu, halafu kwenye mfuko wa kitambaa wenye zipu, kiunoni, ndani ya nguo. Mfuko huo fundi wa hapo sokoni amenishonea dakika ishirini. Mfuko wa nyuma wa suruali, kamwe. Mkoba unaotundikwa kwenye kiti, kamwe. Koti unalovua likawekwa chumba cha makoti, kamwe.

Na ukifika mlangoni usianze kufunua nguo mbele ya watu. Jisogeze pembeni kabla ya foleni, itoe, ishike mkononi ikiwa imefunguliwa ukurasa wa picha. Ikisharudi, pembeni tena, iweke mahali pake, ndipo uingie.

---

MwanaMwanga

Mama, asante sana, mdogo wangu ameshatumwa kwa fundi.

---

KaraniMstaafu (Tabora)

Nimefanya kazi ya masjala miaka mingi, naomba niongeze jambo ambalo sijaliona hapa: tarehe yenyewe.

Wamarekani huandika mwezi kwanza, siku baadaye. Kadi yenye tarehe ya tarakimu tupu, mfano 04/11/2003, sisi tunasoma tarehe 4 Novemba, yeye anasoma Aprili 11. Kwa mtu ambaye miaka 21 yake ndiyo inatimia mwaka huo huo, hapo pana miezi saba ya ubishi. Kwenye pasipoti mwezi huandikwa kwa herufi, ubishi hakuna. Na chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu, kila mmoja nafasi 44. Mstari wa pili unabeba tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na mashine popote duniani inausoma. Baa nyingi za Marekani zina mashine inayosoma msimbo ulio nyuma ya leseni zao, ikishindwa pasipoti usitaharuki, mwombe mhudumu asome kwa macho.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa, nayo huanza na tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio huo huo, tarakimu nane za mwanzo kati ya ishirini. Sisi tunajua. Baunsa wa Boston hajui na hana pa kuhakikisha.

Kubwa zaidi, hakikisheni tarehe zinalingana. Nimeona watu wengi cheti cha kuzaliwa kina mwaka mmoja, cheti cha shule kina mwingine, NIDA wakaandika wa shule. Hapa nyumbani hakuna anayegundua. Ugenini mlango unasoma kilichoandikwa kwenye pasipoti, hausikilizi maelezo. Shangazi, kwa kuwa binti ana miaka 20 na ukingo wa 21 uko karibu, angalia hilo kabla hajaondoka.

---

ShanganaziWaKitete

Kaka Karani, nimeinuka kitandani nikafungua sanduku. Cheti cha kuzaliwa kinasema 12 Februari 2004. Pasipoti inasema 12 Februari 2005. Nimeita mtoto tukaangalia pamoja mara tatu. Mikono inanitetemeka. Sote tulisaini fomu, hakuna aliyeona.

---

KaraniMstaafu

Tulia mama, bora mmeona leo kuliko uwanja wa ndege. Kwanza angalieni NIDA ina mwaka gani, kwa sababu pasipoti hufuata taarifa za NIDA. Kama kosa limeanzia huko, linarekebishwa huko kwanza, kwa cheti cha kuzaliwa cha RITA na hati ya kiapo, ndipo Uhamiaji. Kama NIDA iko sawa, basi ni Uhamiaji moja kwa moja. Viza ameshapata?

---

ShanganaziWaKitete

Viza bado, miadi ya ubalozi ni mwezi ujao. NIDA nayo imeandika 2005. Binti ameanza kulia, anasema tuache tu, mwaka mmoja si kitu, hana haja ya baa.

---

MwanaMwanga

Shangazi, msiache. Baa ni jambo dogo humo. Vyeti vyake vya shule, fomu ya chuo, viza, bima, vyote vitafuata ile pasipoti, na cheti cha kuzaliwa kitabaki kinasema vingine. Sisi wa Kigoma tunajua ofisa akikuta karatasi mbili hazisemi kitu kimoja maswali yanaanzia wapi na yanaishia wapi.

Na jambo moja la kumwambia binti bila kumficha: huko kuna wenzake watakaomshawishi aazime kitambulisho cha mwingine mwenye sura inayofanana. Asithubutu. Kwa mwanafunzi mgeni kosa hilo linaweza kugusa viza yake. Asubiri siku yake ifike.

---

KijanaGungu

Shangazi, mwambie asilie. Mimi nilipata pasipoti yangu baada ya kurudishwa mara tatu na sasa ninayo. Nimesoma uzi wote, nabadili kidogo nilichosema juu. Kuibeba sawa, lakini kwenye mfuko wa Mama wa Kibirizi, na haitoki mkononi mwangu zaidi ya kuonyeshwa.

---

ShanganaziWaKitete

Ahsanteni wanangu na kaka zangu. Jumatatu asubuhi tunaanza NIDA, hapa hapa Tabora. Nitabeba kopi za cheti ngapi?

---

KaraniMstaafu

Kopi tatu, na cheti halisi chenyewe. Na nendeni na mtu mzima wa upande wa baba yake, kama yupo.